Mpishi wa Meli na Jodari wa Kigombe

Nikiulizwa habari za Mpishi huanza na kisu, kwa sababu kwenye kisu sina baya la kumsemea. Nikimaliza kisu nimemaliza mema yake, na anayetaka kuondoka na aondoke hapo.

Kilikuwa kisu chembamba, kirefu kama kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, alichotoka nacho melini. Kila alfajiri alikinoa kwa jiwe la maji na kukijaribu kwenye malaika, vile vinyweleo vya mkono wake. Akimlaza nguru ubaoni alimpasua kwa mvuto mmoja tu, harudii, na uti ukatoka mweupe hauna hata kinyuzi cha nyama. Kaka yangu Kombo, mvuvi tangu tukiwa watoto, alisimama siku moja mlangoni pa jiko akamtazama mpaka sigara ikamuunguza vidole.

"Mtu huyu simpendi," aliniambia tulipotoka. "Lakini samaki akifika mikononi mwake hakufa bure."

Basi. Kisu kimekwisha.

Mkahawa wake ulikuwa nje kidogo ya Kigombe, kando ya barabara ya Pangani, katika nyumba ya zamani ya msimamizi wa shamba la mkonge. Shamba lilikufa miaka ile ya shida, mitambo ikashika kutu, watu wakatawanyika, nyumba ikarithiwa na popo. Mpishi alirudi kutoka baharini wakati huohuo, sisi tukipanga foleni tangu alfajiri kungoja sabuni na kurudi na kipande cha kugawana na jirani. Alifukuza popo, akapaka chokaa, akaweka meza sita. Mwanzoni alipika supu ya pweza na wali wa nazi, ingawa siku zenye nazi hazikuwa na mchele, na mchele ukionekana, mafuta ya taa yalikuwa yameadimika. Ilipokuja ruksa ya biashara, maduka yakajaa ghafla, na wageni wa miradi wakawa wanatoka Tanga mjini na magari yao siku za Jumapili kutafuta upepo. Hapo ndipo alipotundika kibao: CHAKULA CHA MASHARIKI YA MBALI. Chini yake, kwa herufi ndogo: Samaki hapikwi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeachika, nina watoto wawili nyumbani kwa mama. Nilikwenda kuomba kazi. Aliniuliza swali moja.

"Unajua kunyamaza?"

Nikamwambia najua. Nilikaa naye miaka minane.

Chakula chenyewe nikieleze, maana wengi wanakisikia tu. Alichukua mchele wa Korogwe, akaupika kwa maji mengi mpaka ushikane, akautia siki na sukari na kuupepea kwa kipepeo cha ukindu. Akaufinyanga vidonge vidogo kwa mkono wenye maji, na juu ya kila kidonge akalaza kipande cha jodari au nguru, kibichi, chembamba kinachopitisha mwanga. Huko Mashariki ya Mbali huzungushia wali majani ya baharini yaliyokaushwa kama karatasi. Huku hayapo. Alijaribu mwani wanaoulima kina mama, ukawa kama kutafuna kamba. Akaishia kwenye majani ya matembele yaliyotiwa maji ya moto na kukamuliwa. Pembeni unawekewa tangawizi ya siki, haradali kali inayopanda puani, na kibakuli cha mchuzi mweusi wa soya alioupata kwa mabaharia bandarini. Ukiisha, alichemsha ukwaju na sukari guru na chumvi, na mgeni hakutambua.

Watu wa Kigombe walicheka. Walisema wali ni mashendea ya mgonjwa na samaki ni wa paka. Mtu mmoja alimuuliza imamu kama ni halali kula samaki mbichi, imamu akafikiri, akajibu, "Halali ni halali. Lakini si kila halali nitaiita nyumbani kwangu."

Mimi nilikula siku ya tatu ya kazi, kwa amri. Alinikalisha meza ya wageni, akasimama kichwani kwangu. Nilifumba macho nikatia mdomoni. Kwanza ubaridi, halafu siki, halafu kitu kitamu cha bahari ambacho moto hukiua na sisi tulikuwa hatujui kama kipo. Nilifumbua macho. Alikuwa ananitazama kama askari.

"Sasa usiende kuwaambia wenzio ni chakula cha paka."

Nasikitika kusema kilikuwa kitamu. Ingekuwa rahisi zaidi kumchukia mpishi mbaya.

Na yeye mwenyewe hakukila. Miaka minane sikuwahi kumwona akitia kipande kibichi kinywani. Wageni wakiondoka, alikaa nyuma ya nyumba kwenye gogo na kula ugali na dagaa wa kukaanga, pilipili nyingi, mgongo ameugeuzia mlango. Nilipomuuliza alisema daktari wa meli alimkataza. Mwaka mwingine akasema ni nadhiri. Mwaka mwingine akanirushia kijiko.

Uongo ulimtoka kama jasho, bila kuusukuma. Wageni aliwaambia alikaa miaka saba chini ya fundi mkubwa wa Yokohama, akilala sakafuni jikoni. Kisha siku moja akaja mzee kutoka Tanga aliyekuwa naye melini. Akacheka aliposikia. "Fundi gani? Huyu alikuwa anamenya viazi! Kukata samaki aliiba kwa macho, alikuwa anachungulia jiko la meli ya Wajapani iliyofunga gati karibu na yetu." Mpishi aliifuta meza, akasema hamjui mzee yule na hajapata kumwona. Mimi nilifikiri: kama ni kweli aliiba kwa macho tu, ni jambo kubwa kuliko kufundishwa. Angesema hivyo, tungemheshimu. Hakuweza. Kwake yeye kukiri kwamba kuna kitu hakukijua tangu tumboni kwa mama yake ilikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni.

Mtu aliyeumizwa zaidi na Mpishi, kabla yetu, ni Bi Zubeda. Mama huyu alitoka katika moja ya zile familia za Kihindi za Ngamiani, mjini Tanga, Waislamu wenye maduka. Duka la mumewe lilikufa wakati wa uhaba, mume naye akafuata. Tangawizi ile ya siki ilikuwa yake. Haradali aliisaga yeye kwa jiwe, kwa kuwa ile mizizi ya kijani ya Kijapani Mpishi alikuwa anaiota tu. Chatne ya kotimiri na nazi iliyofanya wageni walambe sahani ilikuwa ya mama yake Bi Zubeda, na mama wa mama yake. Alikuwa anakuja na basi la asubuhi, amejifunga mtandio, mitungi yake imefungwa kwa vitambaa vyeupe.

Jumapili moja mgeni aliomba kumwona aliyetengeneza tangawizi. Mpishi akagonga kifua. "Na yule mama wa nyuma?" akauliza mgeni. "Yule," akajibu Mpishi, "ananisaidia kuosha vyombo."

Bi Zubeda alikuwa nyuma ya pazia, na chombo hajapata kuosha pale. Alikusanya mitungi yake mmoja mmoja. Mpishi alipomfuata uani, alimwambia kwa upole, kama mtu anayemuaga mgonjwa, "Mpishi, mimi sina ugomvi. Ila mkono wangu nauchukua." Hakurudi. Mpishi aliilaani familia nzima wiki mbili, halafu akaanza kusaga haradali mwenyewe, na kuwaambia watu imekuwa bora kuliko zamani. Haikuwa.

Wateja aliwatendea kama watoto wa chuo cha Kurani. Ukiomba ndimu, unaambiwa hapa huombi, hapa unaletewa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliomba kijiko, akaondolewa sahani mbele ya mchumba wake. Wazee wawili, mume na mke, walitembea kutoka kijijini na nguo zao za Idi ili nao waonje. Yule bibi akauliza kwa aibu kama samaki wake angeweza kupitishwa motoni kidogo. Mpishi akawaonyesha barabara. Jioni ileile alinipa sufuria ya nguru wa kukaanga, imefunikwa kwa sinia, niwapelekee. "Ukisema imetoka kwangu, kazi huna." Nilisema ni sadaka ya mtu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na sijui niliweke wapi, kwa hiyo nimeliweka hapa.

Sasa nije kwenye jodari.

Ilikuwa masika, mwaka mmoja baada ya Bi Zubeda kuondoka. Mpishi alitaka kijiji kiache kucheka. Aliwaalika wakubwa wa Kigombe chakula cha mchana bila malipo: afisa wa tarafa, mwalimu mkuu, wazee wa msikiti, wake zao. Samaki alimnunua kwa Kombo siku ya kabla yake, jodari mzuri wa mshipi, macho yake bado yanang'aa. Mimi mwenyewe nilimpokea, nikamweka kwenye sanduku la barafu. Barafu mpya ilikuwa ije kutoka Tanga jioni ile. Mvua ikakata barabara, gari halikufika.

Asubuhi nilipofungua sanduku, barafu ilikuwa maji, na maji yalikuwa vuguvugu. Nilimwita.

"Mpishi, huyu si wa kuliwa. Tuwapikie pweza, yuko hai kwenye ndoo."

Aliinama, akamgusa jodari, akainuka. "Kakate matembele."

"Mpishi, wallahi..."

"Nilikuuliza kama unajua kunyamaza."

Nilikata matembele. Hilo ni langu, simtwishi yeye. Ningeweza kumtupa samaki yule mchangani, nikapoteza kazi na kulala usingizi. Nilikata matembele.

Wageni walikula, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hawakucheka. Mwalimu mkuu aliomba tena. Mpishi alizunguka meza amevaa koti jeupe, anaeleza habari za Yokohama. Sahani zilikuwa bado mezani afisa wa tarafa alipoanza kujikuna shingo. Uso wake ukaiva. Mkewe akashika kichwa. Kisha mezani pote watu wakawa wanawashwa, mioyo inawaenda mbio, wengine wanakimbilia uani kutapika. Muadhini wetu, mzee wa watu, alianguka pale mlangoni na tukampakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati. Alipona baada ya siku kadhaa. Wote walipona, Alhamdulillah. Lakini saa ile hakuna aliyejua kama watapona, na watu walikuwa wamejaa uani wanauliza kwa kelele, "Wamelishwa nini?"

Mpishi alitoka barazani. Bado ana koti lake jeupe. Akasema kwa sauti kavu, "Nimeuziwa samaki wa baruti. Kombo kaniuzia samaki wa baruti."

Mtu wa mbali huenda asielewe neno hilo lina uzito gani kwetu. Wapo watu wanaorusha baruti baharini. Samaki huelea wamekufa na kuoza upesi, miamba inapasuka, na mwaka unaofuata hakuna samaki. Kombo ndiye aliyewashtaki watu hao kwenye mkutano wa kijiji, kwa majina, wakiwa wamekaa mbele yake. Tangu siku hiyo walikuwa wanamtafutia sababu, na sasa wakapewa bure. Wao ndio waliopiga kelele kuliko wote. Kamati ya kijiji ikachukua nyavu zake. Ngalawa yake ikakutwa imetobolewa kwa shoka. Msikitini akisimama kwenye safu, mtu wa kulia anasogea, na wa kushoto anasogea.

Nilisema ukweli. Nilikwenda kwa mwenyekiti, nikaenda kwa imamu, nikasema samaki alikuwa mzima, kaharibikia mikononi mwetu, Mpishi alijua. Kila mmoja alinisikiliza na kuniuliza jambo lilelile, "Kombo si kaka yako?"

Nilimwendea Mpishi mwenyewe. Alikuwa ananoa kisu. "Sema neno moja tu," nikamwambia. "Sema hukujua kama barafu imeyeyuka. Hata uongo huo unatosha." Hakuinua macho.

Kombo alivuka mpaka, akaenda Vanga kuvulia watu wengine. Mkewe, Mwanajuma, alibaki na watoto, akawa anachota maji kisimani baada ya wenzake kuondoka. Mkahawa ulifungwa mwaka huohuo. Kijiji kilimsamehe Mpishi lakini hakikula kwake tena. Mimi na Mwanajuma tulihamia Ngamiani, tukafungua kibanda cha chai, maandazi na samaki wa kukaanga. Kombo alileta salamu kwa wapitao. Kuja, hakuja. Miaka tisa.

Asubuhi moja Mpishi akaingia.

Alikuwa amekonda, koti kubwa kuliko mabega yake, anatembelea bakora. Ama hakunitambua, ama alijifanya. Kibandani walikuwapo wachuuzi wanne wa samaki wa Kigombe, wanaokuja na baiskeli alfajiri na kunywa chai wakishauza. Walimtambua. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuwatazama, akaagiza changu wa kukaanga. Nilimwekea sahani. Alimega kipande, akatafuna pole pole.

"Wa jana," akasema.

"Wa leo," nikajibu.

"Wa jana jioni, kalala kwenye barafu. Na barafu ilikuwa chache."

Mchuuzi mmoja akacheka. "Kweli, mzee. Huyo nilimtoa mimi jana magharibi, barafu iliniishia."

Mpishi akatikisa kichwa, ameridhika, akatazama huku na huku kuona kama wote wamesikia.

"Na siku ya jodari," nikasema, "pua hiyo uliiazima nani?"

Mwanajuma alikuwa kwenye karai la maandazi, ametupa mgongo. Hakugeuka, lakini mwiko ulisimama.

"Jodari gani?"

"Uliyewalisha watu, wakaanguka."

Mchuuzi yule aliyecheka, nadhani alitaka kusuluhisha tu, akasema, "Dada, muachie mzee. Pengine hakujua. Jodari ni mgumu kumtambua, hata mabingwa anawapita."

Mpishi aliweka chini kipande alichoshika. Kuitwa mwongo nadhani angevumilia. Alikwishaitwa mara nyingi. Lakini hili lilimpandisha damu usoni.

"Mimi? Anipite mimi? Nilimjua kabla sijainama! Barafu imekuwa maji, nyama imeanza kulegea ubavuni. Nilihesabu siki itamficha, na haradali. Na ilimficha, walikula wakaomba tena. Hakunipita. Nilimjua!"

Hapo ndipo Mwanajuma alipogeuka. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya adabu, kama anamuuliza mkwe.

"Na baruti, baba?"

"Baruti!" Alimcheka kwa dharau, bado yuko ndani ya hasira yake. "Samaki wa baruti mbavu zimevunjika, damu imeganda utini. Ukimpasua tu unaona. Yule alikuwa mzima kama alivyoumbwa. Wa mshipi. Na aliyemvua anaijua kazi, alimtoa damu vizuri palepale majini, hawako wengi wanaojua hivyo."

Maandazi yalikuwa yanaungua. Hakuna aliyenyanyuka.

"Rudia, baba," akasema Mwanajuma.

Ndipo Mpishi alipowatazama wale wachuuzi, mmoja mmoja, nyuso zao, na nikaona anaelewa alichofanya. Alitafuta bakora yake chini ya benchi kwa muda mrefu. Mchuuzi mmoja aliiokota na kumpa. Aliondoka bila kuaga, na sikumwona tena. Masika iliyofuata nilisikia amekufa. Wengine walikwenda maziko. Mimi nilikaanga samaki.

Wale wachuuzi hawakumaliza chai. Walipanda baiskeli zao, na kabla ya adhuhuri Kigombe ilikuwa inajua. Jioni muadhini, amezeeka sana, alikwenda kwa mwenyekiti akadai nyavu za Kombo, na zilikuwa zimeoza, lakini alizidai.

Tulituma mtu Vanga. Aliporudi, siku ya nne, Mwanajuma alimkamata mkono kabla hajaketi.

"Ulimweleza yote?"

"Nilimweleza. Akaniuliza, amesema mwenyewe? Nikamwambia mwenyewe, kwa kinywa chake. Akauliza, mbele ya watu? Nikamwambia mbele ya watu wa Kigombe. Akaanza kukunja mshipi wake, shemeji."

"Halafu?"

"Halafu akasema nikwambie umwekee maji ya kuoga. Yuko nyuma yangu, anakuja."